Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: wanagenzi, saa zao na sisi tunaowasimamia

Ndugu wanachama, salaam.

Najua wengi taarifa ya mwenyekiti huwa mnaipitia juu juu mkimbilie ya mhazini, ila safari hii naomba mvumilie maana karibu mwaka mzima kamati imeumiza kichwa na jambo moja tu, masharti ya mafunzo ya wanagenzi wa saikolojia tiba. Mengine yameenda kama kawaida, ada zimeingia kwa kusuasua (mnajijua), semina zimefanyika, katibu atawasomea.

Haya, tuje kwenye saa. Kila kikao mjadala unaanzia hapohapo, mwanagenzi afanye saa ngapi ndio tuseme ameiva, kuna wanaotaka ziongezwe na kuna wanaoona tunawachelewesha vijana bure. Tukaangalia wenzetu wanafanyaje. Marekani, APPIC, yaani ule umoja wa vituo vya wanagenzi wa saikolojia, wanataka saa zisizopungua 1,500 ndani ya miezi 9 mpaka 24, na angalau robo ya muda huo mtu awe ana kwa ana na wateja, sio na makaratasi. Afrika Kusini unamaliza masters na miezi 12 ya unagenzi, alafu tangu 2003 unadaiwa mwaka mwingine wa kuhudumia jamii kabla hujaachiwa ufanye mwenyewe. Uingereza wao ni udaktari wa miaka 3 na vitendo vimechanganywa humohumo, mara uko kwa watu wazima, mara watoto, mara wazee. Kila mtu na hesabu yake, na sijaona anayeweza kunionyesha saa ya ngapi ndio mtu anageuka kuwa mwanasaikolojia.

Kwa hiyo msimamo wangu, na kamati wengi wamekubali japo sio wote, ni kwamba tunagombania ukubwa wa kapu bila kuchungulia ndani kuna nini. Kilichomo ni supavisheni, yaani msimamizi kukaa na mwanagenzi waipitie kazi yake. Vituo vyenye ithibati ya APA, chama cha wanasaikolojia huko Marekani, vinatakiwa kumpa mwanagenzi saa 4 za supavisheni kwa wiki, 2 kati ya hizo akiwa peke yake na msimamizi wake, na msimamizi lazima awe anaona kazi yenyewe mubashara au kwa rekodi. Sasa sisi jiulizeni wenyewe. Supavisheni ya koridoni, "vipi yule mteja wa jana, poa?", alafu mwisho wa mwezi logibuku, lile daftari la saa zake, inasainiwa kurasa zote kwa mkupuo mmoja, hiyo ni supavisheni gani? Mwanagenzi akikusimulia kikao anakusimulia vile yeye alivyokiona, na pale alipoteleza mara nyingi ndipo hasa hakuona, asikufiche wala nini, hajui tu. Ndio maana tunapendekeza rekodi, kwa ridhaa ya mteja iliyoandikwa na ifutwe ikishatumika, au msimamizi aingie akae.

Lingine ambalo limenikera ni vituo kumgeuza mwanagenzi mashine ya vipimo, asubuhi mpaka jioni anapima akili na kujumlisha alama, mwaka unaisha hajawahi kumfuata mteja mmoja kuanzia tathmini mpaka kumuaga. Huyo saa anazo, tena za kumwaga. Na siku mteja akimwambia anataka kujiua, mwanagenzi awe anajua tangu wiki ya kwanza anampigia nani na nani anabeba uamuzi, hili halikuleta ubishi kabisa kwenye kamati.

Tathmini za mwanagenzi tumesema ziwe 2, katikati na mwisho, na ya katikati iwe kwa maandishi, sababu ni uonevu mtu kuambiwa amefeli mwezi wa mwisho wakati hakuna aliyemwambia kitu na muda wa kujirekebisha hana tena. Alafu msimamizi asiwe tabibu wa mwanagenzi wake, mwanagenzi akiwa na yake ya moyoni aelekezwe kwa mtu mwingine, huwezi kumtibu mtu asubuhi ukampa maksi mchana.

Utafiti ulitugawa. Tangu mkutano wa Boulder, kule Marekani, wa 1949 fani yetu inataka mtu awe mtafiti na mtendaji kwa pamoja, ule wa Vail 1973 ukafungua mlango kwa wanaoelemea vitendo, na ubishi huo hatuumalizi sisi. Tumeuacha ulivyo.

Vituo vyenye mwanasaikolojia mmoja vimelalamika kwamba saa hizo za supavisheni hawaziwezi na wana haki. Hao tutawaruhusu sehemu ifanyike kwa video na msimamizi wa kituo kingine, ila dharura lazima pawe na mtu pale pale kituoni.

Mapendekezo yote yatapigiwa kura mkutano mkuu. Wenye uzoefu walio tayari kusimamia wanagenzi wapeleke majina kwa katibu mapema maana mtapitia mafunzo ya usimamizi kwanza, hata wale wakongwe, najua mtanuna.