Barua kwa walimu wa darasa la kwanza na la pili: fungueni kabati la vitabu

Wanangu,

Marahaba, marahaba. Naitikia kabla hamjaniamkia, maana najua mngekuwa hapa barazani kwangu Pangani mngeanza na shikamoo, kisha mngeniuliza kama mguu umepona. Haujapona, lakini mkono unaandika.

Mjukuu wangu kapangiwa kufundisha darasa la kwanza huko bara. Juzi usiku kanipigia simu. Ana watoto 112 katika chumba kimoja, wanakaa wanne wanne kwenye dawati la wawili, na waliobaki chini. "Bibi," kaniambia, "vitabu vya hadithi vipo, tena vizuri, vina picha za rangi. Ila vimefungiwa ofisini, na mimi naogopa kuviomba. Vikichanika nitadaiwa." Nikacheka peke yangu gizani. Ile tabia ya kufungia vitabu hakuianzisha mwalimu mkuu wake. Nimeifanya mimi kwa mikono yangu.

Nilianza kazi mwaka 1979, enzi za UPE, ile Elimu ya Msingi kwa Wote, tulipokuwa tukifundisha na ubao, chaki na kitabu kimoja cha mwalimu. Kitabu cha hadithi chenye picha, cha Kiswahili, cha kumsomea mtoto wa miaka saba, sikukiona mpaka nimezaa mara tatu. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanza mwaka 1991, waandishi na wachoraji wetu wakaanza kupata pa kutokea, na vitabu vya namna hiyo vikaongezeka nchini. Siku moja boksi likafika na kwetu. Nililipokea mimi, nikahesabu, nikaandika kwenye leja, nikapiga muhuri kila kitabu, nikafunga kabati, ufunguo nikaufunga kwenye ncha ya kanga yangu. Nilijiona mtunzaji hodari. Miaka mitatu baadaye nilipofungua, mchwa walikuwa wameshavisoma, kuanzia jalada mpaka ukurasa wa mwisho. Vilivyopona vilikuwa saba.

Ndivyo hivyo saba vilivyonifundisha kazi upya, na ndivyo vinavyonifanya niwaandikie leo.

Kimoja kilikuwa na picha ya ngalawa baharini. Nilikisoma darasani kwa haraka, kama mtu anayelipa deni, huku nimekigeuzia upande wangu. Mtoto mmoja, baba yake mvuvi, akanyosha kidole. Huyu nilikuwa nimeshamwandika kwenye orodha ya wasiojua kusoma. Ba, be, bi ilikuwa inamshinda, na mwaka ulikuwa unaelekea kwisha. Akasema, "Mwalimu, ngalawa hii haiendi." Kwa nini haiendi? "Tanga limejaa upepo huku, bendera inapepea kule. Upepo gani huo?"

Nilikitazama kitabu kile, nami nimezaliwa pwani, nikaona kweli. Mchoraji alikosea, mhariri hakuona, na mimi niliyekipitia mara nne sikuona. Aliyeona ni yule niliyemwandika hajui kusoma. Alikuwa amesoma alama mbili, akazilinganisha, akapata kwamba hazikubaliani. Sasa mniambie, kusoma ni nini zaidi ya hapo? Herufi zilikuwa bado kumfikia, basi. Kuanzia siku hiyo nilimpitisha kwenye mlango aliokwisha kuufungua mwenyewe. Tukaandika t-a-n-ga chini ya tanga, na u-pe-po pale upepo ulipotoka. Kabla ya likizo alikuwa anasoma.

Kwa hiyo neno langu la kwanza ni hili: picha isomwe kabla ya maneno, na isomwe na watoto. Msikimbilie maandishi. Shika kitabu ubavuni, kimeelekea kwao, si kwako. Maneno uwe umeyasoma nyumbani jana yake kwa sauti, hata kama jirani atadhani umeshikwa na wazimu. Tembea nacho polepole kutoka safu hadi safu, kwa maana aliye nyuma naye ana macho. Uliza mnaona nini, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Sisi walimu tukiuliza swali tunalijibu wenyewe kabla mtoto hajameza mate. Hesabu moyoni mpaka kumi. Ukifika kwenye picha ambayo jambo linakaribia kutokea, funga kitabu kidole kikiwa ndani, uliza nini kitafuata. Watabishana. Waache wabishane.

Na kama mtoto hajui Kiswahili sawasawa? Muheza na Lushoto nilifundisha watoto waliokuja na Kibondei na Kisambaa cha bibi zao, Kiswahili wakikijua cha dukani tu. Mtoto kama huyo mbele ya ukurasa wa maandishi ni bubu. Mpe picha ya mbuzi anayekula nguo kwenye kamba, atakwambia kwa lugha yake, wenzake watacheka, mmoja atatafsiri, na wewe utaliandika neno la Kiswahili ubaoni likiwa bado la moto. Msimkemee kwa lugha ya kwao. Hadithi ameielewa, na Kiswahili kinampitia humo humo.

Mjukuu wangu kaniuliza, kitabu kimoja na watoto 112, nafanyaje? Mgawe darasa. Nusu wakae kwenye jamvi chini ya mwembe na wewe, nusu wachore mchangani kwa vijiti kile walichosikia jana, kisha mbadilishane. Au pasua mfuko wa salfeti, ulainishe, uichore picha ile kubwa kwa kalamu ya maka na uitundike. Usiogope kwamba hujui kuchora. Ng'ombe wangu alikuwa anafanana na meza, na watoto walimpenda kuliko wa kitabuni. Hadithi hiyo hiyo isomeni tena kesho, na keshokutwa. Mtu mzima huchoka na hadithi mara ya pili, mtoto huanza kuimiliki mara ya tatu.

Vitabu vyenyewe vitachanika, ndiyo. Ijumaa saa ya mwisho tulikuwa na karakana ya kushona vitabu. Uji mzito wa unga wa muhogo ndio gundi, magamba ya maboksi ndiyo majalada, sindano na uzi wa katani kwenye uti. Watoto wa darasa la pili walishona vizuri kuniliko. Kwenye leja niliacha kuandika "kimeharibika", nikawa naandika "kimesomwa". Mkaguzi (sasa mnamwita mthibiti ubora, naona hata ukali umepungua kidogo) aliniuliza maana yake nini, nikamwonyesha rafu. Aliandika kitu kwenye daftari lake, sijui nini, lakini hakunidai.

Sasa ushairi, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye moyo wangu.

Tangu mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili mnafundisha kwa mkazo wa KKK, na ni vizuri, mtoto ajue kusoma, kuandika na kuhesabu kabla ya kubebeshwa mengine. Lakini nasikia walimu wakisema ushairi ni wa sekondari, huko kwenye uhakiki, hapa hatuna muda. Wanangu, silabi mnayoisaka mchana kutwa kwa kadi za manila ndiyo ile ile mizani. Mshairi wa Kiswahili hahesabu kingine, anahesabu silabi. Mtoto wa pwani na wa bara amezihesabu silabi tangu anarushwa magotini na bibi yake, anapocheza kuruka kamba, anapokwama ulimi kwenye "kale kakuku kadogo ka kaka kako wapi kaka". Masikio yake yamefaulu zamani. Kazi yenu ni kuyakutanisha na macho.

Nawapa mfano. Ubeti huu niliutunga kwa ajili ya darasa langu, mizani nane kila mstari kama utenzi:

Paka wangu ana ndevu,
Amelala kwenye jivu,
Huyu paka ni mvivu,
Panya wala kitoweo.

Siku ya kwanza usiuandike popote. Uimbeni, mpige makofi, kofi moja kwa silabi moja. Pa-ka-wa-ngu-a-na-nde-vu. Nane. Mstari wa pili, nane. Mstari wa tatu hapo ndipo utawaona wanagongana, wengine wamepiga saba, wengine nane. Mtego uko kwenye "mvivu". Aliyepiga saba ameimeza m. Rudieni polepole: hu-yu-pa-ka-ni-m-vi-vu. M inadai kofi lake.

Mkishafika hapo mmegusa donda linalowasumbua kila mwaka. Kwa nini mtoto anaandika "mutu", "mutoto"? Mara nyingi ni kwa sababu anahisi pale mbele pana pigo zima, na darasani mmemfundisha kwamba kila pigo lina irabu, basi anaitafutia m irabu. Sikio lake liko sawa, kanuni mliyompa ndiyo fupi. Mwonyeshe kwa makofi kwamba m ya mtu, mtoto, mvivu husimama peke yake, lakini m ya mbuzi, mbegu, mbili imeegemea b na haina kofi lake. Watoto wanalipata jambo hili kwa siku moja kwa mikono, na kwa chaki utalihangaikia muhula mzima. (Mbwa yeye mkorofi kama kawaida yake. Ana b, na bado m yake inasimama: m-bwa, makofi mawili. Nge na nchi ni hivyo hivyo. Waachie watoto wawagundue wenyewe, watafurahi sana.)

Siku ya tatu, wanapoujua ubeti kwa kinywa, ndipo uandike ubaoni. Sasa mtoto anajua ubao unasema nini, kinachobaki ni kutafuta wapi unasema. "Njoo unionyeshe jivu." Atashuka na mistari mpaka alipate. Kisha mfute neno moja, aseme lipi limetoroka. Hapo ndipo utamjua anayesoma na anayeimba tu. Maana mnajua ugonjwa wetu: watoto mia wanaitikia "hiki ni kikombe" kwa sauti ya kubomoa bati, na macho yote yako dirishani kwa muuza barafu.

Vina navyo ni msaada. Ndevu, jivu, mvivu zimeishia -vu, basi ukiandika moja, watakuandikia nyingine mbili kwa kubadilisha mwanzo tu. Nani anajua neno lingine la -vu? Watakuletea majivu, wivu, mbivu, na mmoja atakuletea neno ambalo halijawahi kuwepo. Mpigie makofi naye, silabi zake zimetimia.

Ninalowaomba msilifanye ni kuligeuza shairi kuwa la mgeni rasmi. Mnalijua lile: wiki mbili kabla ya mahafali watoto wanakaririshwa ngonjera ndefu yenye maneno kama "changamoto" na "uwezeshaji", wanasimama juani na soksi nyeupe, wanamaliza, wazazi wanatunza, na ukimwuliza mtoto amesema nini hajui. Mwaka mmoja nilimwuliza binti aliyeghani vizuri kuliko wote, "uwezeshaji ni nini?" Akafikiri. "Ni kile kitambaa kwenye meza ya mgeni." Tena kosa ni letu, sherehe tuliiandaa sisi.

Wala msimalize kila hadithi na maswali matano ya kujibu kwenye daftari. Mtoto akizoea kwamba kila tamu ina mtihani mkiani mwake, ataanza kuiogopa tamu yenyewe. Swali moja la mdomo latosha, na siku nyingine hata hilo liacheni.

Kuhusu pa kupata vitabu, mjukuu wangu ndiye kanifundisha. Kuna African Storybook, kazi iliyoanzia Afrika Kusini, ina hadithi nyingi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika, unazipakua bure kwenye simu na kuzichapa. Nimezisoma kadhaa kwa miwani yangu hii. Picha nzuri. Kiswahili cha baadhi kimefasiriwa kikavu, kinanuka lugha kilikotoka, kwa hiyo kisomeni kwanza, na kisipoingia mdomoni kibadilisheni, maana leseni yake inaruhusu. Msimsomee mtoto sentensi ambayo bibi yake asingeisema.

Yule paka wangu ana ubeti wa pili. Liliutunga darasa la pili lenyewe, mstari mmoja kwa kila dawati, mimi nikihesabu makofi tu:

Mama akashika kuni,
Paka kajificha ndani,
Panya mbio uvunguni,
Ugali mkavu leo.

Angalieni "mkavu", ile m haikunipa taabu tena. Ubeti wa tatu hatukuwahi kuumaliza, kengele ililia tukaenda likizo, na likizo ile ndiyo iliyonikuta nastaafu. Watoto wenu wakiupata, niandikieni. Mstari wa mwisho uishie na -o.

Bibi yenu, mwalimu mstaafu,
Pangani