Risala kwa mgeni rasmi: kusoma ukoo wa daiatomu kwenye magamba yake

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu, wageni waalikwa,

Tunakushukuru kwa kufika kwenye maonyesho yetu ya baiolojia ya maji. Picha zilizo mbele yako ni za daiatomu, miani ya seli moja yenye magamba mawili ya silika yanayofunikana kama kopo na mfuniko. Tunayasoma magamba hayo ili kujua nani ni ndugu wa nani.

Utando wa kahawia wenye daiatomu hukwanguliwa maweni kwa mswaki, ukachemshwa taratibu ndani ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30. Kisha magamba husuuzwa kwa maji yaliyokenekwa mara nne au tano, kila mara yakiachwa yatuame. Ukimwaga kwa haraka, yale madogo huondoka na maji na hesabu nzima hupotoka.

Kazi kubwa ni jedwali la sifa, ambamo sifa isiyokuwepo huandikiwa sifuri. Urefu hatuutegemei, kwani seli ikigawanyika, mmoja wa watoto huwa mdogo kuliko mzazi, na umbo nalo hubadilika, mpaka uzazi wa kijinsia urudishe ukubwa. Idadi ya mistari ya gamba katika kila mikromita 10 huaminika zaidi.

Penye kuteleza hasa ni kwenye ufa uitwao rafe. Chukua jenasi mbili za daiatomu: Fragilaria hana ufa kwenye gamba lolote. Achnanthidium anao kwenye gamba moja tu. Ni rahisi kuandika sifuri kwa wote wawili na kuendelea, na hilo ni kosa: gamba lisilo na ufa la Achnanthidium minutissimum linapojengwa, ufa huanza kutokea, kisha hujazwa silika. Fragilaria hakuwahi kuwa nao, Achnanthidium aliupoteza. Sifuri hizo zikichanganywa, mti wa ukoo huvuta wasio ndugu wakae tawi moja, ilhali vinasaba humweka Achnanthidium miongoni mwa wenye ufa.

Ushahidi wa pili upo: Fragilaria ana kitundu chenye mdomo, rimopotula, na Achnanthidium hana. Lakini hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyo karibu kuliko takribani mikromita 0.2, hivyo muundo wa kitundu hicho hauonekani sawasawa.

Kwa hiyo, mheshimiwa, tunaomba utuombee nafasi kwenye hadubini ya elektroni ya chuo kikuu, hata siku moja kila muhula, pamoja na lenzi ya mafuta ya mara 100 kwa maabara yetu.

Tunaomba kuwasilisha.