Nam ya kwetu, nam za mbali

Nyalenda, Kisumu

Rafiki yangu wa dhati,

Salamu kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo, ila mvua imeshika na matope ya mtaa huu unayajua. Natumai hapo Nakuru mko salama na Mama amepata nafuu.

Swali lako limenikalia rohoni tangu ulipoliuliza. Ulisikia Walao, watu wa Laos huko Asia, huita maji nam, nasi Wajaluo ziwa ni nam, kama Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, ukataka kujua kama Lao na Luo si ndugu waliopoteana. Jana nilishuka Dunga, nikakaa kando ya mashua hadi jua likazama, nikiliwaza hilo.

Ni kweli, kwa Kilao nam ni maji, na mito yao huanza na neno hilo: Nam Ngum, Nam Khan. Kithai, ambacho ni ndugu wa Kilao, kinasema vivyo hivyo. Mekong wao huuita Mae Nam Khong, na mae ni mama, yaani mto kwao ni mama wa maji. Niliposoma hayo niliinua macho nikalitazama ziwa letu kwa muda mrefu.

Lakini ingia Vietnam, nam ni kusini, ndiyo hiyo iliyomo katika jina la nchi. Korea pia: Namsan, ule mlima wa Seoul, ni mlima wa kusini. Hao wawili walilikopa kwa Wachina, kama Kiswahili kilivyokopa kitabu kwa Waarabu. Kisha kuna Tibet, na hapa ndipo nilipoduwaa. Wana ziwa la chumvi, mita zaidi ya 4,700 juu ya usawa wa bahari, jina lake Nam Tso. Mjaluo yeyote angeapa kwamba nam hapo ni ziwa. Sivyo! Ziwa ni tso. Nam ni mbingu.

Undugu wa lugha, rafiki yangu, haushikwi kwa neno moja. Mama yako akisema kwa Kiluhya omundu, inyama, amatsi, nami nikisema kwa Kiswahili mtu, nyama, maji, ukoo unajitokeza wenyewe. Mwacholi wa Uganda akisema pii, mac, nam, yaani maji, moto, ziwa, mimi naitikia kwa Kijaluo pi, mach, nam. Mlao je? Moto kwake ni fai. Samaki ni pa, kwangu rech. Mbwa ni ma, kwangu guok. Hata maji yenyewe sisi tunayaita pi. Nam ni pale yanapotanda hadi huoni ng'ambo. Basi ni sadfa. Neno fupi hivyo, lenye sauti tatu ambazo karibu kila kinywa duniani kinazo, lazima lizuke mahali pengi bila mtu kuiga mwenzake.

Nakiri nilitamani jibu liwe ndiyo. Ingekuwa raha kuwa na binamu kwenye kingo za Mekong. Hata hivyo, kuwajua hao watu kupitia silabi moja kumenifurahisha mno, na ni wewe uliyenifungulia mlango huo.

Sasa nami nina ombi. Mwulize Mama kwao Mumias ziwa wanaliitaje, na kama neno hilo lina maana nyingine yoyote. Uniandikie kabla ya Desemba. Ukija tutakula mbuta Dunga tukiendelea.

Ni mimi rafikiyo,
wa Nyalenda