Safari za mchangani zifuate saa za ziwa

Mhariri,

Likizo ikikaribia, simu zetu hapa Kisumu hujaa matangazo ya safari za boti kwenda kisiwa cha Takawiri, Ziwa Victoria: mchanga mweupe, muziki, samaki wa kukaanga, siku nzima majini. Sina ugomvi na starehe hiyo. Mimi ni mteja wake. Ninacholalamikia ni ratiba. Watu ishirini na zaidi kwenye boti moja, kuondoka mji wa Mbita saa tano, kurudi magharibi. Nadhani walioipanga walikuwa wakitazama picha za Watamu, kule pwani ya Bahari ya Hindi.

Watamu mwenye ratiba ni mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji yakipwa sana, mafungu ya mchanga hujitokeza baharini, wageni hushushwa wakatembea kwenye maji ya vifundoni, na maji yakianza kujaa nahodha huwaita wote wapande. Hakuna wa kubishana naye, maana baada ya saa chache pale waliposimama patakuwa pamefunikwa. Ziwani hatuna kupwa na kujaa kwa kuonekana kwa macho. Mchanga wa Takawiri uko palepale asubuhi na jioni, kwa hiyo hakuna anayewahimiza watu kuondoka mpaka upepo uwahimize.

Na upepo wa ziwa una desturi yake, wavuvi wa ufuo wa Dunga hapa Kisumu wataieleza vizuri kuliko mimi. Usiku hadi alfajiri hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, mwanana. Jua likishaipasha ardhi joto, unageuka na kuvuma kutoka ziwani, na kufikia alasiri maji huwa yamechafuka. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na yamesongamana. Boti haijamaliza kushuka la kwanza, la pili limeshaipiga. Sasa weka humo watu waliokwisha kushiba na kunywa, nusu yao wamesimama wakipiga picha. Katika safari moja niliyokwenda, jaketi za kuokoa maisha zilikuwa zimefungwa kwa kamba ndani ya gunia, chini ya kreti za soda. Tuliambiwa tutapewa zikihitajika.

Kundi dogo ndilo linalofaa, na hapa sisemi habari ya anasa. Boti yenye watu saba au wanane huelea juu zaidi. Nahodha huinua injini, akashika upondo na kuisukuma taratibu mpaka inagusa mchanga, nanyi mkashuka maji yakiwafika kwenye vifundo vya miguu. Ile iliyojaa hukwama mbali, watu wakarukia maji ya kifuani wameinua simu juu ya vichwa, na watoto wanapitishwa mkono kwa mkono. Tena mkiwa wachache kuna kusikilizana: nahodha akisema upande ule msiende, huwa kuna viboko, wote mnasikia.

Kichocho nacho kiko. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na vijidudu vinavyoingia kupitia ngozi hutoka kwa wingi mchana jua likiwa kali. Mchanga ulio wazi, unaopigwa na mawimbi, una nafuu kuliko vichakani, ingawa nafuu si kinga. Ukiuliza mimi, hiyo ni sababu nyingine ya kwenda asubuhi.

Lakini linaloniudhi zaidi halihusu usalama wa wageni. Mchanga wetu una wenyewe. Omena, wale dagaa wa ziwani, huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na kukipambazuka akina mama huwaanika ufukweni juu ya nyavu kuukuu, wakiwageuza kwa mikono huku wakifukuza ndege. Nimeona kundi likishuka na spika na mpira. Mpira ukatua katikati ya omena, kijana akaufuata kwa viatu vyake. Mama mwenye mali hakusema neno. Alipiga magoti akawa anawatenga waliokanyagwa, maana wakichanganyika na mchanga bei inaanguka. Waandalizi wa safari ile walikuwa wamelipwa tangu Kisumu. Yule mama hakulipwa na mtu.

Kumbe hata hili mwezi ungelitatua, kama Watamu. Mbalamwezi ikiwa kamili, taa haziwavuti omena kama usiku wa giza, wavuvi wengi hupumzika na nyavu za kuanikia hupungua. Wikendi hizo ndizo za kupeleka wageni. Watu walale Mbita, watoke saa kumi na mbili na nusu, wale uji na mandazi mchangani, wawe wamerudi bandarini saa sita. Samaki wa kukaanga wataliwa Mbita, na watakuwa wabichi kutoka majini vilevile.

Najua gharama kwa kila kichwa itapanda boti ikibeba wachache. Ipande. Muziki ukiachwa nyumbani pamoja na jenereta yake, na mwendo wa siku nzima ukikatwa kuwa wa asubuhi, sehemu ya pesa hiyo itarudi.

Ninaomba BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fuo zetu, pamoja na serikali za kaunti za Kisumu na Homa Bay, ziweke ubao kwenye kila gati ukitaja idadi ya abiria wa kila boti ya matembezi na saa ambayo baada yake haitoki. Jaketi zivaliwe kabla kamba haijafunguliwa.

Mpenda ziwa,
Milimani, Kisumu