Nilimwambia yule mzee sina, na mwanangu alijua ninayo

Anti, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza vitenge Kariakoo na ninaishi Kibamba. Kila siku nabadilisha gari Mbezi Luis, pale Stendi ya Magufuli, na watu wa kuniomba nauli siwakosi. Sisemi wale ombaomba wa siku zote wanaokaa nje ya misikiti siku ya Ijumaa. Hao nawajua, nikiwa na mia mbili natoa na moyo unatulia. Wanaonisumbua akili ni hawa waliovaa vizuri, wanakuamkia kwa adabu, kisha wanasema wameibiwa begi.

Ramadhani iliyopita dada mmoja mwenye mtoto mgongoni alinishika mkono huku analia. Anakwenda Singida, amefiwa, pesa na simu vimekwenda. Nilimpa elfu kumi, tena ya mtaji. Wiki mbili baadaye nikamkuta ng'ambo ya barabara, mtoto yuleyule, kilio kilekile, ila sasa msiba uko Tabora. Nikamwambia, "Dada, twende ofisi ya basi nikukatie tiketi." Akaniachia mkono hapohapo. "Wewe nipe mkononi tu," akasema. Tangu siku ile nina jibu moja kwa wote: sina.

Baba watoto anasema ndivyo inavyotakiwa. Ananikumbusha kwamba mwaka 2016 mkuu wa mkoa aliagiza ombaomba waondoke Dar es Salaam na mpaka leo wapo, sembuse mia tano yangu. Mama yangu yeye hunirudisha kwenye Surat Dhuha: mwenye kuomba usimkaripie. Mimi sikaripii, Anti. Ila nadanganya.

Mwezi uliopita nilikuwa na mwanangu wa miaka tisa, tumetoka kumnunulia viatu vya shule. Mzee mmoja akatusogelea, ameshika bahasha kubwa ya kaki, ile ya picha za eksirei, pembe zimelainika kwa jasho. Ametoka kliniki Muhimbili, anarudi Ifakara, amepungukiwa elfu tatu. "Mwanangu, hata mia tano." Nikasema, "Baba, sina." Chenji ya viatu ilikuwa imekunjwa kiganjani mwangu. Mtoto akautazama mkono wangu, akanitazama usoni, hakusema kitu. Alinyamaza mpaka tunashuka Kibamba, na yeye kwa kawaida hafungi mdomo.

Kesho yake, saa 11 alfajiri, nikiwa nimeshakaa kwenye gari la pili pale Mbezi, nilimwona yule mzee kupitia dirishani. Amelala kwenye zege, bahasha ameiweka chini ya kichwa. Kabla sijanyanyuka konda alishagonga bodi, tukaondoka. Jioni nilimtafuta, niliuliza hata wauza maji. Hakuwepo.

Sasa nikiombwa nauli mwili unaingia baridi. Kumkatia kila mtu tiketi siwezi, biashara yangu ni ndogo. Kumtazama mtu usoni nikamwambia "sina" nako kumenishinda. Mtu mwenye shida ya kweli nitamtambuaje kwa dakika moja ya stendi? Na nikiamua kutompa, nimwambie nini ambacho si uongo? Halafu kuna huyu mwanangu. Jana tulipita tena pale, mama mmoja akatuomba, na kabla sijafungua mdomo mtoto akawahi: "Mama hana." Nimweleze nini?

Mama wa watatu, Kibamba