Mwanga hauna masi, mizani ya dhahabu isitudanganye

Bwana mhariri,

Nafundisha fizike hapa Bukavu, upande wa Kadutu, na lile jibu mulimchapia mtoto aliyeuliza kwenye ukurasa wa vijana kuhusu masi ya mwanga limezunguka kwenye simu za bafinalisti wangu wote, njo maana naandika. Mulisema mwanga uko na masi, yaani kile tunapima kwa kilo, kidogo sana, ila mizani zetu hazina nguvu ya kuiona. Hapana jamani! Masi ya mwanga ni sifuri, na mtoto akienda na jibu lenu kwenye Egzeta, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, atapoteza pointi bure.

Najua mulikoitoa: E = mc², E ni enerji, m ni masi, c ni mwendo wa mwanga. Mwanga una enerji, basi mukagawanya kwa c², masi ikatoka. Lakini fomula ile fupi ni ya kitu kilichotulia, na mwanga hautulii ata siku moja. Yenyewe nzima ni E² = (mc²)² + (pc)², p ni kile kiasi cha mwendo tunafundisha klasini, yaani ule msukumo kitu kinabeba kikiwa kinaenda, na kwa mwanga upande wa m unaanguka wote, inabaki E = pc. Kitu chenye masi, ata kiwe chepesi namna gani, ukikisukuma miaka na miaka hakifikii kilomita 300 000 kwa sekunde, na huo njo mwendo wa mwanga tangu unazaliwa.

Halafu mukachapa barua ya msomaji wa kwenye kontwari, nyumba ya kununulia dhahabu, anasema alimulika torshi kwenye mizani na tarakimu ya mwisho ikaanza kucheza, kwa hiyo mwanga una uzito. Hapo tukae kidogo, ju naamini kabisa alichokiona. Mizani zile ziko na kijumba cha vioo, mpimaji anafunga vile vilango kwanza ndipo anasoma, ju pumzi ya mtu tu inatosha kuichezesha. Sasa torshi inapasha sahani moto, sahani inapasha hewa, hewa inapanda na tarakimu inacheza. Mwanga wenyewe je? Torshi ikitoa wati 1 ya mwanga, inasukuma sahani sawa na theluthi ya mikrogramu, na mizani ya kontwari ikijitahidi sana inasoma miligramu 1, yaani karibu mara 3000 zaidi. Haiwezi kuwa mwanga.

Mtego huo umenasa ata wakubwa. William Crookes wa Uingereza alitengeneza kinu kidogo ndani ya chupa ya kioo, mapanga yake upande mmoja meusi upande mwingine yanang'aa, ukikiweka juani kinazunguka, ikasemwa ni mwanga unasukuma. Kumbe kilikuwa kinazunguka kinyume! Mwanga unasukuma zaidi upande unaong'aa, ju pale unarudishwa ulikotoka, lakini kile kinu kilikuwa kinakimbia kama kinasukumwa upande mweusi, na kilichofanya vile ni hewa kidogo iliyobaki ndani ya chupa ikapata moto. Msukumo wa kweli wa mwanga, mwanafizike Maxwell alishauhesabu mwaka 1873, na Pyotr Lebedev wa Moscow akapigana na hewa ile ile mpaka akaupima, matokeo yakachapwa 1901. Leo unafanya kazi: mwaka 2010 Wajapani walirusha IKAROS, chombo chenye tanga la mita 14 kwa 14, na jua likakisukuma huko angani.

Lakini musije mukageuka sasa kuandika eti mvuto haugusi mwanga. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipofunikwa na mwezi, kundi la Eddington, mtaalamu wa nyota wa Uingereza, lilikuwa kisiwani Príncipe na lingine Sobral, Brazili, wakapima nyota zilizo karibu na jua wakakuta zimesogea, ju mwanga wao ulipindwa. Kivuli kile kilipita ata juu ya Kongo yetu hii, na watoto wengi hawajawahi kuambiwa, inaniuma. Ukihesabu mwanga kama kijiwe chepesi kinachovutwa na jua, vile jibu lenu linafanya, unapata nusu tu ya kupinda kule. Hesabu ya Einstein ilitoa sekunde 1,75 za nyuzi (hapa sekunde ni kipimo cha pembe, nyuzi moja ina 3600), na vipimo vikamkubalia yeye.

Tena ukifungia mwanga ndani ya sanduku la vioo, sanduku linaongezeka uzito kweli, ju enerji iliyofungwa inahesabika kwenye masi ya sanduku zima. Enerji ya jua inayoipiga dunia kila sekunde, ukiigawanya kwa c², inakaribia kilo 2. Hii njo ingekuwa jibu tamu la kumpa yule mtoto aliyeuliza.

Naomba sahihisho lipite kwenye ukurasa ule ule wa vijana, si kule nyuma kwenye matangazo, na litoke mbele ya Egzeta. Mukitaka michoro ya kinu cha Crookes nitaileta mwenyewe pale ofisini kwenu.

Mwalimu wa fizike,
Kadutu, Bukavu