Kaka, kuhusu ile kamba

Kaka,

Shikamoo. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu namba yangu umeiblok na grupu la familia umetoka, na najua mmoja wa hao vijana wa shangazi atakusomea. Mama ameniambia kikohozi kimepungua. Nimemshukuru Mungu. Maliza dawa zote hata ukijiona umepona, na usirudi machimboni mpaka kifua kitulie kabisa. Lile vumbi la mawe si la kuchezea, na hivyo vito vinawatajirisha wanaokuja na magari kuvinunua, si nyinyi mnaoshinda shimoni.

Sasa tuje kwenye lile neno lako. Niliweka kwenye grupu picha yangu na mbwa wangu Molly, nikaomba mwenye uwezo anichangie chochote kwa mbio za hisani, pesa ziende kwa mbwa wanaosaidia kulinda wanyamapori Kenya na Tanzania. Ukaandika: "Baba amekufa akichechemea, wewe unakimbilia ndovu. Tena na mbwa." Hayo ya ndovu niliyameza. Hilo la mwisho, "tena na mbwa", ndilo lililoniacha nimekaa kitandani na sare ya kazi mwilini hadi saa nne asubuhi, na nilikuwa nimetoka zamu ya usiku.

Wewe, kaka. Wewe ndiye wa kuniambia hivyo?

Molly sikumnunua. Mzee niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake huku Staffordshire, Uingereza, alipopelekwa kwenye makao ya wazee yasiyokubali mbwa, binti yake aliniuliza kama namjua mtu wa kumchukua. Nikasema namjua. Ni spanieli jike, kahawia na nyeupe, miaka minne. Miezi ya kwanza nilimpa chakula, nikamtoa nje, nikarudi kukaa mbali naye kama mtu mwenye deni. Yeye ndiye aliyekuwa akija kulaza kidevu kwenye kiatu changu.

Huo mchezo huku wanauita kanikrosi. Unavaa mkanda mpana kiunoni, mbwa anavaa mikanda ya kifuani isiyombana pumzi, na katikati kuna kamba yenye mpira ndani, kama mita mbili, ili akivuta isikukate wewe wala isimkabe yeye. Mbwa hutangulia. Huruhusiwi kumburuta; akichoka, mnatembea wote. Tulianza na kilomita moja na nusu kwenye msitu wa Cannock Chase, sasa tunafika 8, na mbio zenyewe ni 10. Siku ya joto hatukimbii kabisa, maana mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, hujipoza kwa kuhema, na anaweza kufa akiwa bado anataka kukupendeza. Amri nimemfundisha kwa Kiswahili: kulia, kushoto, polepole, twende. Kuna kulungu wengi mle msituni. Mwanzoni akinusa mmoja tu alikuwa ananitupa kwenye matope, lakini siku hizi nikisema "polepole" masikio yanarudi nyuma na kamba inalegea.

Tukifika nyumbani namkagua nyayo, kucha moja moja, natia kidole katikati kutafuta miiba. Simba, yule mbwa wetu wa nyumbani, alikuwa akikuletea wewe mguu wake umtoe mwiba. Hakuwahi kuniletea mimi, wala Baba. Anatoka huko nyikani akichechemea, anapita sote, anakuja kukuwekea mguu mapajani.

Mama husema nimeyasahau ya kwetu. Mimi nakumbuka hata harufu ya siku ile. Ilikuwa 2016, mahindi yameanza kubeba, na wale ndovu madume wawili walikuja kwa ajili ya tangi la maji. Simba akatoka akibweka, Baba nyuma yake na tochi na debe. Leo kila mtu anajua, hata askari wa wanyamapori hutwambia, kwamba mbwa akimchokoza ndovu kisha akaingiwa na hofu hukimbilia kwa mwenyewe, na ndovu huja nyuma yake. Sisi hatukujua. Simba alikimbilia miguuni kwa Baba. Ndivyo alivyofanya siku zote, hata radi ikipiga.

Mkampeleka Baba Voi kwa pikapu ya jirani. Ulirudi adhuhuri, damu yake imekukaukia kwenye shati, hukunawa, hukunywa hata maji. Ukachukua kamba ya katani ya kufungia ng'ombe, ukamvika Simba shingoni, ukanipa mimi. "Shika." Nikashika. Tukapita nyuma ya zizi kuelekea kwenye mbuyu, na yeye akadhani tunakwenda kutafuta mbuzi, akatangulia. Kamba ikakaza. Alikuwa ananivuta, kaka. Mkia juu. Nilikuwa na miaka 21, si mtoto, ningeweza kufungua vidole akaenda zake mpaka Maungu. Ukainua rungu la Baba. Pigo la kwanza halikutosha. Hakukutazama wewe uliyempiga, alinitazama mimi, kwa sababu kamba ilikuwa mkononi mwangu. Ukasema, "Shika vizuri." Nikashika vizuri.

Kisha ukaniambia niende nikapike, Mama atarudi na njaa. Nikaenda nikapika.

Sijawahi kukuuliza habari hiyo, nawe hujawahi kuitaja. Najua ulikuwa na mzigo. Mwanamume wa miaka 27, baba yake mguu umesagika, shamba limelala chini, karo ya mdogo wetu haijalipwa, na wale wenye kosa wana pembe na sheria inawalinda. Ulimpiga aliyekuwa karibu. Hiyo naielewa kabisa, na bado nikilala naiona ile kamba.

Na hasira yako kwa ndovu si ya bure. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ilisema wazi: aliyejeruhiwa akabaki na ulemavu wa kudumu alipwe shilingi milioni 3, aliyeuawa familia yake milioni 5. Baba alijaza fomu na mkongojo ukiwa kwapani. Aliifuatilia ofisi kwa miaka, akiambiwa kamati haijakaa, faili limekwenda Nairobi, arudi mwezi ujao. Amezikwa na nakala ya fomu ikiwa kwenye ile bahasha ya kaki chini ya godoro. Waliokalia lile faili ndio wa kuwapigia kelele. Nenda na mwanasheria, nenda na chifu, usiende peke yako ukiwa na hasira. Pesa ya mwanasheria nitatoa mimi.

Ndiyo, najua utakavyosema: pesa, pesa, kila kitu pesa. Utasema pia, "Kwenye mazishi hukuja." Sikuja kwa sababu hati zangu za kukaa zilikuwa zinashughulikiwa, na ningetoka nisingeruhusiwa kurudi, na nisingerudi nani angelipa jeneza? Nani angelipa ng'ombe wa matanga, na mabati, na dawa hizo unazokunywa sasa? Sikutaka kuyaandika haya hapa. Lakini umewaambia watu nilichagua wanyama nikamwacha Baba, na mimi nilimwosha mwili kwa simu, kaka, Mama ameishika, naona bega lake tu, na nyuma yangu kuna mzee wa watu anabonyeza kengele nikambadilishe nguo.

Baba mwenyewe hakuwa kama wewe. Mwezi wa tano 2014, yule ndovu mkubwa Satao alipouawa kwa mshale wa sumu huko Tsavo wakamkata uso wachukue pembe, unakumbuka alivyozima redio akatoka kukaa nje? Alisema mnyama akija shambani ni adui, lakini yule hakuwa shambani kwa mtu. Na ukame wa 2022, serikali ilipotangaza ndovu 205 wamekufa nchini kati ya Februari na Oktoba, ng'ombe wetu walikuwa wamelala kwenye vumbi lile lile. Kiu ndiyo inayowaleta kwenye tangi.

Hao mbwa ninaowakimbilia hawabweki ndovu. Wako wanaonusa pembe kwenye mizigo, bandarini Mombasa na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, mbwa anakaa chini kimya mbele ya sanduku na mwongozaji wake anajua. Wako wanaofuata nyayo za mtu saa nyingi baada ya kupita. Hao hao huitwa mtoto akipotea nyikani, au mifugo ikiibwa. Wale mbuzi wetu saba, ungekuwa na mbwa mmoja wa namna hiyo usiku ule, ungewapata kabla hawajafika barabara kuu. Mbwa hana hatia ya kuwa mbwa. Akifundishwa, hofu yake haimwangukii mtu.

Mama ameniambia pia jambo ambalo wewe usingeniambia. Kwamba uzio wa mizinga ya nyuki, nguzo zote ulichimbia wewe, katika hali hiyo ya kikohozi. Mita kumi baina ya mzinga na mzinga, waya ukipita katikati, ndovu akiugusa mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anageuka. Sagalla wameufanya kwa miaka sasa na asali wanauza. Nilipotuma pesa ya waya nilidhani utaikataa. Asante. Mama anasema ulivuna kopo moja ukamwekea Baba kaburini. Sikuwa najua. Nililia kwenye basi.

Mbio ni Jumapili ya mwisho wa mwezi. Nimepata pauni 640, karibu zote kwa wafanyakazi wenzangu na majirani wa yule mzee. Sikuombi uchangie.

Nataka kujua jambo moja tu. Siku ile niliporudi na maji jioni, Simba hakuwepo chini ya mbuyu, na mikono yako ilikuwa na udongo hadi viwikoni. Ulimzika wapi?

Usinijibu hapa. Fungua namba yangu unipigie. Wiki hii niko zamu ya usiku, kwa hiyo piga kuanzia saa kumi ya huko, nitakuwa nimeamka.